Mtoto wa Miaka Kumi na Sita Si Kichwa cha Mwendawazimu

Kuna msemo mmoja ningependa tuuzike, tena kaburi lichimbwe refu na juu tupande mgomba, asije mtu akaufukua. Msemo wenyewe ni "kichwa cha mwendawazimu". Wapenzi wa soka mnaujua. Unahusishwa na Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa awamu ya pili, na maana yake ni kwamba soka letu limekuwa kama kichwa cha kichaa: kila anayejifunza kunyoa anakuja kujifunzia hapo. Ukisemwa juu ya timu ya watu wazima wenye mikataba na mishahara, ni utani unaouma halafu unapita. Ila siku hizi tunautumia hata kwa watoto. Timu ya vijana chini ya miaka 17 ikifungwa na wakubwa wa Afrika, jasho halijawakauka, sisi tumeshawanyoa.

Mtaniuliza, blogu ya fasihi na mpira wapi na wapi? Hapa hapa. Ugomvi wangu ni wa lugha. Nasema kwamba mashabiki wa Tanzania, na waandishi wa michezo wanaowalisha maneno, hatuna lugha ya kueleza kushindwa. Tuna misemo minne, na yote minne ina kazi moja: kutupa ruhusa ya kutotazama kilichotokea uwanjani. Anayelipa gharama ya uvivu huo ni kijana ambaye hata kitambulisho cha taifa hajafikia umri wa kupewa.

Tuchukue mfano ambao wengi tunaukumbuka. Aprili 2019 Tanzania iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, Dar es Salaam. Timu zilikuwa nane, na nne zitakazoingia nusu fainali zilikuwa zinakwenda Kombe la Dunia nchini Brazil. Yaani Serengeti Boys walihitaji kumaliza katika nafasi mbili za juu kwenye kundi lao, nyumbani, mbele ya watu wao. Kundi lilikuwa na Nigeria, Uganda na Angola. Jumapili ya tarehe 14 tukafungua na Nigeria, nchi iliyochukua Kombe la Dunia la umri huo mara tano: 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015. Tukafungwa 5-4. Baadaye Uganda ikatufunga 3-0, Angola 4-2. Safari ya Brazil ikafia Uwanja wa Taifa.

Mechi ile ya Nigeria niliitazama Kyela, nilikokuwa nimekwenda nyumbani kwa likizo, kwenye kibanda umiza karibu na stendi. Kwa wasiopajua, Kyela ni bondeni kabisa, kusini mwa Mkoa wa Mbeya, pale ambapo mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwagia maji yake Ziwa Nyasa. Kutoka huko hadi Uwanja wa Taifa ni zaidi ya kilomita 900. Aprili ni mvua tupu. Bati lilikuwa linapigwa hadi sauti ya mtangazaji haisikiki, kwa hiyo maoni yote yalikuwa ya kwetu wenyewe. Waendesha bodaboda, wauza mchele, vijana waliotoka Kasumulu mpakani, wazee wawili watatu. Chini kabisa mbele ya runinga, kwenye turubai, walikaa watoto wa shule ya msingi, kama kumi hivi, ambao huwa wanaingia bure wakinyamaza.

Mchezo ule nao ulikuwa na mambo. Nigeria walianza kuongoza, wakaongeza, tukaona hapa ni kipigo. Kipindi cha pili vijana wakageuza ubao. Tanzania 4, Nigeria 3. Kibanda kilisimama. Kuna mtu alimwaga chai ya mwenzake na hakuna aliyegombana. Halafu Nigeria wakasawazisha, halafu wakafunga la tano, halafu ikawa kimya, ikabaki mvua tu.

Kimya kilidumu dakika moja hivi. Kisha hukumu zikaanza, na zilikuwa zile zile nne.

Ya kwanza ndiyo hiyo ya kichwa cha mwendawazimu. Hebu tuisome kama tunavyosoma tamathali yoyote ile. Kwenye picha hii kuna watu wawili: kichaa asiyejua anachofanyiwa, na kinyozi asiyejua anachofanya. Kichaa hana kosa kwa sababu hana akili. Kinyozi hana kosa kwa sababu anajifunza. Anayetazama naye hana kosa, kwani yeye kapita tu. Ni tamathali iliyotengenezwa vizuri mno kwa ajili ya nchi isiyotaka kumtafuta mhusika. Haina mzazi, haina mwalimu, haina mwenye kiwanja. Tena ina ukatili ndani yake, maana inamchukua mtu mgonjwa, ambaye kwenye vijiji vyetu huwa ni ndugu wa mtu, inamfanya kichekesho, kisha inamvisha mtoto wa kidato cha pili sura hiyo. Vijana wale walikuwa wametoka kuwafunga Nigeria magoli manne. Kichwa gani cha kichaa kinamkata kinyozi mara nne?

Hukumu ya pili ilitoka kwa kijana mmoja aliyekuwa ameshika simu yenye mkeka uliochanika: "Wale ni vijeba, bwana. Wale wana watoto kwao." Hii ya vijeba inabidi niende nayo taratibu, kwa sababu ina ukweli ndani yake, na msemo wenye ukweli nusu huumiza kuliko uongo mtupu. Udanganyifu wa umri upo. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana hao. Kwenye fainali hizo hizo za Dar es Salaam, Guinea ilifika hadi fainali, kisha ikaondolewa kwa sababu ya nyaraka za umri za wachezaji wawili, na Senegal ikaenda Brazil badala yake. Ni kweli kabisa.

Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 2005 timu yetu wenyewe ilifuzu fainali za Gambia, ikaondolewa kwa kosa la umri. Na kuelekea fainali za 2017 nchini Gabon, Congo-Brazzaville ilitutoa kwa faida ya goli la ugenini, lakini ikashindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo, CAF ikaiengua, na sisi tukapanda ndege. Siku ile sikumsikia shabiki hata mmoja akisikitika kwamba tumeingia kwa mlango wa hospitali. Umri kwetu ni ushahidi pale tu unapotufaa. Tukishinda, ni kipaji. Tukishindwa, ni kijeba.

Ubaya mkubwa wa neno hili ni kwamba linafunga macho. Ukishasema mpinzani ni kijeba, huhitaji tena kumtazama anavyopokea mpira akiwa ameshageuka, anavyojua pa kusimama kabla mpira haujafika, anavyomwita mwenzake kwa mkono. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mtoto wa Kyela angeweza kuiga. Wale kumi waliokaa kwenye turubai walikuwa na Nigeria nzima mbele yao, darasa la bure, na watu wazima nyuma yao wanawaambia hakuna cha kujifunza hapo, hao ni mababa. Tumewaibia somo wakiwa darasani.

Hukumu ya tatu ina sauti ya upole: "Vijana wamejitahidi." Hii huisemea pia redioni, viongozi huisemea uwanja wa ndege, na mimi naiona ndiyo yenye dharau kuliko zote. Kujitahidi ni neno tunalompa mtoto aliyepata alama 11 kwa 50 ili asilie. Halisemi alipata swali gani na alikosa lipi. Ukimwambia fundi seremala "umejitahidi", ataelewa kwamba meza inayumba na wewe hutaki kumwambia. Sasa kama tunawapenda vijana hawa, kwa nini hatuwaambii mguu gani wa meza ni mfupi?

Tuujaribu basi. Mashabiki wengi wanazungumzia Serengeti Boys wa 2017 na wale wa 2019 kama timu moja iliyoshindwa mara mbili. Chukueni kalamu. Gabon, 2017: sare ya 0-0 na Mali, ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola, kisha kufungwa 1-0 na Niger. Tulilingana pointi na Niger, nne kwa nne, wao wakapita kwa kuwa walitufunga. Mechi tatu, magoli mawili tuliyofunga, mawili tuliyofungwa. Dar es Salaam, 2019: mechi tatu, magoli sita tuliyofunga, kumi na mawili tuliyofungwa.

Hizo ni timu mbili tofauti kabisa, zenye magonjwa mawili tofauti. Ya kwanza ilijua kuzuia, ikakosa mtu wa kuifunga Niger goli moja. Goli moja tu na tungekuwa India kwenye Kombe la Dunia. Ya pili ilijua kufunga, ilikuwa na mshambuliaji kama Kelvin John, ambaye baadaye alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji, lakini haikujua kulinda ilichokipata. Kuongoza 4-3 dhidi ya Nigeria ni hali inayohitaji ujuzi wake: kupunguza kasi, kuweka mpira chini, kujua kwamba anayekufuata sasa ana hasira na wewe una hofu. Ujuzi huo haupatikani kambini kwa wiki sita. Unapatikana kwa kuongoza mechi nyingi ngumu ukiwa na miaka 12, 13, 14, na kupoteza baadhi yake, na kuwa na mtu mzima anayekukalisha chini baadaye akuulize ulifikiri nini. Timu mbili, magonjwa mawili, na sisi kwa zote mbili tukaandika dawa moja: wamejitahidi.

Pale kibandani kulikuwa na mwalimu mstaafu mmoja, kila mtu anamwita tata, kwa heshima ya Kinyakyusa. Yeye huwa anakuja na daftari la mraba lile la hesabu. Kila goli anaandika dakika, mpira ulitokea upande gani na nani alikuwa karibu. Wenzake humcheka, wanamwita karani. Baada ya mechi aliuliza swali moja tu: "Tulipokuwa na nne, nani alibaki pale katikati?" Hakujibiwa. Watu walikuwa wameshaanza kubishana juu ya rushwa. Nililiona swali lile kama uhakiki bora wa michezo niliowahi kuusikia, na limetolewa na mtu ambaye hakuna gazeti litakalompa safu.

Hukumu ya nne inakuja kesho yake, ikiwa imevaa suti: "Tujipange." Wapenzi wa lugha, litazameni neno hili. Ni kitenzi kizuri, lakini mwenyewe hayupo. Nani ajipange? Kwa fedha ipi, kufikia tarehe gani, kwenye kiwanja kipi? "Tu" ile ya mwanzo imetumeza sote, kuanzia waziri hadi mtoto wa kwenye turubai, kiasi kwamba hakuna anayebaki nje wa kuulizwa. Tumejipanga baada ya 2017. Tumejipanga baada ya 2019. Tungekuwa tofali, saa hizi tungekuwa ghorofa.

Kama tunataka kitenzi chenye mwenyewe, tuanzie shuleni, kwa sababu mchezaji wa miaka 16 ni mwanafunzi kabla ya kuwa kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo ya shule, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, kwa madai ya kulinda masomo. Ilirudishwa baada ya miaka kadhaa. Lakini michezo haifanani na taa kwamba ukizima na kuwasha inarudi ilivyokuwa. Mwalimu aliyejua kufundisha watoto kukaba anastaafu, anayefuata hakumwona akifanya kazi, kiwanja kinapandwa mahindi au kinajengwa vyumba vya madarasa. Halafu mashindano yenyewe ni ya msimu. Mtoto anacheza wiki chache kabla ya kwenda mkoani, na akitolewa mapema ngazi ya kata, mwaka wake wa mpira umekwisha.

Huku kwetu bondeni kuna na hili la maji. Mito ikifurika Machi hadi Mei, viwanja vingi vinakuwa majaruba. Watoto wanacheza mchangani huko Matema na Ikolo ufukweni, goli la mianzi, mpira mmoja kwa kijiji, na wana miguu hatari, nawaambia. Nimewaona. Wanachokosa ni mechi zenye mwamuzi, zenye ratiba na zenye kesho. Nani wa kuwaona? Mtoto wa Ipinda au Ngonga anayetaka kuonekana na makocha wa taifa anahitaji kwanza apande milima ya Rungwe afike Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, kwa nauli ya nani?

Na msiniambie kwamba mpira haujawahi kukaa huku. Mwaka 1986, Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo juu kidogo ya Kyela, ilichukua ubingwa wa Tanzania mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Wazee wa hapa wanaikumbuka hadi leo, mchezaji kwa mchezaji. Lakini mtoto anayetaka kuisoma habari ile kwa urefu, mechi kwa mechi, asome kitabu gani? Ushindi wenyewe hatujauandika ipasavyo, sembuse kushindwa.

Hapo ndipo ninapowageukia nyinyi wasomaji wa blogu hii. Fasihi ya Kiswahili haikuanza jana, na ilishawahi kujua kuandika kushindwa na mwenye nguvu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima kuhusu Wajerumani kuitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga juu ya Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907. Wale watunzi waliona miji yao ikianguka, na hawakumaliza kazi kwa kusema watu wamejitahidi. Walitaja watu, walitaja mahali, walifuata tukio baada ya tukio. Leo mtu akitaka kujua vita vile vilionekanaje machoni mwa Waswahili, anakwenda kwao. Ndugu zangu, kama waliweza kuukalia msiba mkubwa kiasi kile na kuupanga kwa vina, sisi tunashindwaje kuandika dakika thelathini za mpira?

Kuna jambo jingine la kujifunza, la hapa hapa Kyela. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 akiwa na mumewe Godfrey, alichapisha mwaka 1951 kitabu kinachoitwa Good Company. Humo anaeleza vijiji vya rika. Wavulana wakifika miaka kumi, kumi na moja hivi, walitoka kwenye nyumba za wazazi wakaanzisha kijiji chao pembeni, wakajenga, wakalala huko, wakienda kula kwa mama zao kwa makundi. Walikua pamoja hadi siku ambayo wazee, kwa sherehe ya ubusoka, waliwakabidhi nchi. Na thamani kuu ya maisha hayo ilikuwa ukwangala, yaani ule uzuri wa kukaa na kuongea na wenzako, ambao kwao ulikuwa pia shule ya busara na adabu.

Sitamani turudi huko, na mfumo ule ulikuwa na ugumu wake, hasa kwa wanawake. Ninachosema ni kwamba mababu wa watu waliokuwa kwenye kibanda kile walilijua jambo ambalo mfumo wetu wa soka la vijana unalikwepa: rika hulelewa pamoja, kwa miaka, mahali panapojulikana, na wazee hukabidhi kitu halisi. Ardhi. Sisi rika letu tunaliokota kwa tangazo, tunaliweka kambini, tunalivalisha jezi ya taifa, na likifungwa tunalitawanya. Wangapi kati ya wale wa 2019 mnaweza kuwataja leo? Na kibanda umiza, ambacho kingekuwa ukwangala wetu, mahali pa watoto kusikia watu wazima wakifikiri kwa sauti, tumekigeuza mahali pa kusikia watu wazima wakitukana.

Najua jibu litakalokuja. Mtasema shabiki ana haki ya hasira. Amelipa kiingilio, amekatishwa tamaa miaka na miaka, mwacheni aseme. Sawa. Hasira ni yake na siigusi. Ninachokataa ni hasira isiyo na anwani. Kijana wa miaka 16 akikosea pasi, jina lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp usiku kucha, na wanaomtukana zaidi ni wale waliochaniwa mkeka. Waliopanga apelekwe kwenye mashindano makubwa na mechi chache ngumu miguuni, majina yao hayazunguki popote. Hasira ikimpata mtoto na kumkosa mtu mzima, imekosea njia.

Mtasema pia kwamba maneno hayafungi magoli. Kweli, hayafungi. Lakini maneno ndiyo yanayoamua tutafute nini baada ya kufungwa. Angalieni Nairobi. Aprili hiyo hiyo ya 2019, wakati sisi tunazika safari ya Brazil, vijana wa raga wa Kenya wa chini ya miaka 20, Chipu, waliifunga Namibia 21-18 wakafuzu mashindano ya dunia ya daraja la pili, nayo yalikuwa Brazil. Mara ya mwisho Kenya kucheza mashindano hayo ilikuwa 2009, ilipoyaandaa yenyewe. Miaka kumi. Katika miaka hiyo Namibia ilikuwa ukuta wao. Aliyefungwa mara nyingi na mpinzani mmoja halafu siku moja akamfunga kwa pointi tatu, amekuwa akimsoma. Hukumfunga kijeba kwa kumwita kijeba.

Au tuje nyumbani, kwa mabinti. Oktoba 2022, Serengeti Girls walikwenda India, timu ya kwanza ya Tanzania ya soka la watu kumi na moja kucheza Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Mechi ya kwanza Japan ikawafunga 4-0. Misemo yote minne ilikuwa tayari imeshachemka, nilikuwa naisikia. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia kwa 3-0. Kati ya Japan na Ufaransa kulikuwa na siku tatu, na katika siku hizo kuna mtu alikaa na mabinti wale akawaeleza zile nne ziliingiaje. Hakuna njia nyingine ya kutoka kwenye 4-0 hadi kwenye 2-1. Sisi tulitakiwa tuwe na makala hata moja ya Kiswahili inayoeleza siku tatu zile. Mimi nimeitafuta sana, sijaiona. Nilichokiona ni vichwa vya habari vya aibu, kisha vichwa vya habari vya maajabu, kana kwamba walioshinda ni mabinti wengine.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na kila moja lina mwenyewe. Waandishi wa michezo: mkiripoti mechi ya vijana, tuambieni magoli yaliingiaje, na mwache kutumia "vijana wamejitahidi" kama nukta ya mwisho. Wenye dhamana ya michezo shuleni na kwenye shirikisho: kila mnaposema "tujipange", malizieni sentensi. Semeni nani, wapi, lini, shilingi ngapi, na tutaandika, na tarehe ikifika tutauliza. Na sisi mashabiki wa vibandani: tukae na swali la yule mwalimu. Tulipokuwa na nne, nani alibaki katikati? Tubishane juu ya hilo hadi mvua iishe. Ni ubishi mtamu, una akili, na mtoto aliyekaa chini mbele anaweza kuondoka nalo kesho kwenye mchanga wa Matema akalijaribu kwa mguu wake.

Kichwa chake kiacheni. Hakina wazimu.